Siku Uliyomnawisha Afisa

Nyangeta, mama,

Ukirudi kutoka kwaya utaikuta karatasi hii juu ya mto wako. Usianze kuita, "Mamaaa, hii nini tena?" Kaa kitandani, weka magongo pembeni, soma. Nimefunga mlango wa chumbani kwangu makusudi, maana najijua. Nikikuona unasoma nitaanza kukueleza kila mstari kabla hujaufikia.

Habari za soksi, sukari na vidonge siandiki. Hayo baba yako kayasema wiki nzima, mama yako mdogo wa Nyasura kapiga simu kuyasema tena, na kesho basi likipita Bunda utamkuta kasimama kando ya barabara na khanga yake, ayaseme mara ya mwisho kupitia dirishani. Mvumilie. Mimi nina habari moja tu.

Unajua kwamba mkishafungua chuo, wale wa mfuko unaosomesha wanafunzi wenye ulemavu watakuja kukufanyia tathmini upya, kama wanavyofanya kila mwaka. Wakiandika sawasawa, ada italipwa, chumba cha chini kitabaki chako na baiskeli ya magurudumu matatu haitarudishwa. Wakiandika ovyo, hiyo famasia yako unarudi nayo hapa nyumbani Nyasho kwenye basi lile lile. Na safari hii mimi sitakuwepo. Baba yako anasema hiyo ndiyo habari njema kuliko zote. Nilimtupia mwiko, lakini ukweli anao.

Basi turudi siku ile afisa wao alipokuja hapa nyumbani, kabla hujaanza chuo. Wewe unaijua kwa upande wako. Mimi sijawahi kukuelezea upande wangu, maana kila tukiigusa tunaishia kucheka, na mimi nacheka zaidi yenu ili yaishe.

Barua ya mfuko ilisema atakuja mtu kuangalia unavyoishi. Mimi nilisikia neno moja tu hapo: mgeni. Sasa mgeni akija kwetu mtu anafanyaje? Nilifua vitambaa vya makochi. Nilimwamuru baba yako apige chokaa ukuta wa mbele, naye akapiga huku anauliza, "Mama Nyangeta, wanakuja kumkagua mtoto au nyumba?" Nilikusuka mwenyewe, ile mistari midogo midogo. Nilishuka sokoni Mwigobero alfajiri nikachagua sato wawili wanene, nikamwacha mteja wangu wa siku zote anangoja dagaa. Halafu, na hapa naomba usome taratibu, niliyachukua magongo yako nikayaficha nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye mifagio. Niliona yanaharibu sebule.

Wewe ulisema, "Mama, nitatembeaje?" Nikakwambia, "Leo si umeamka vizuri? Utashika ukuta." Na kweli siku ile uliamka vizuri. Huo ugonjwa wako wa selimundu nao una dharau, siku ya mtihani unakulaza, siku ya kukaguliwa unakuachia utembee kama bibi harusi.

Kijana akaja. Mpole, shati limepigwa pasi, anatoa shikamoo mpaka kwa bibi wa jirani aliyepita tu nje. Kabla hajakaa vizuri wewe ukatoa simu. "Kaka, barua yenu imesema naruhusiwa kurekodi mazungumzo nikikujulisha kwanza. Nakujulisha." Weee! Nilitamani ardhi ipasuke. Mgeni hajanywa hata maji, unamwekea simu kama polisi! Nikakuita pembeni nikakufinya. Lakini yule kijana akasema, "Hapana mama, ni haki yake, aiweke tu hapa," na ukaiweka mezani juu ya kitambaa, karibu na yale maua ya plastiki.

Halafu akaanza kukuuliza maswali. Mimi nikaanza kuyajibu.

Nyangeta, mimi ni muuza dagaa. Nimesimama Mwigobero tangu sijakuzaa. Umeshanisikia pale: "Dagaa wa jua kali hawa, hawana mchanga, njoo uonje!" Mchanga upo. Kila dagaa ana kamchanga kake, na mteja anajua, na mimi najua kwamba anajua. Lakini tangu lini muuza dagaa akatamka kwamba dagaa wake wana mchanga? Huo mdomo ukishauzoea huutui kama mzigo ukirudi nyumbani. Afisa akauliza, "Anaweza kupika?" Nikasema, "Huyu? Anapika sana! Huu ugali utakaokula kausonga yeye." Hukuusonga. Ulikaa kwenye kigoda ukakoroga unga wa kwanza, nikakupokea mwiko. Akauliza, "Anatembea umbali gani?" Nikasema, "Anafika mpaka Mwigobero!" Unafika, ndiyo, kwenye bodaboda. Akauliza, "Maumivu yanamsumbua mara nyingi?" Nikasema, "Aa, siku hizi hajambo kabisa, tunamshukuru Mungu." Niliuza mtoto siku ile, na bei sikuijua.

Chakula kikawa tayari. Nikakuita uje kumnawisha mgeni. Ukatoka jikoni na jagi mkono huu, beseni mkono huu, taulo begani, ukavuka sebule nzima bila magongo. Nilikuwa nakutazama moyo umejaa, nasema huyu ndiye binti yangu. Ukafika mbele yake ukasita. Nikakukonyeza.

Uliniona. Ukapiga goti.

Nyonga ile ambayo daktari alisema mfupa wake umelika kwa sababu damu haiifikii, nikaipigisha goti kwenye sakafu ya saruji ili mgeni ajue kwamba binti yangu kalelewa.

Nikwambie hiyo tabia niliitoa wapi. Siyo kujitetea, nataka tu uijue, maana naona na wewe unayo.

Ulipokuwa na miaka kama mitatu tulikaa Butiama kwa bibi yako kwa muda, baba yako alipokuwa anatengeneza mitumbwi visiwani. Ndipo ulipoanza kuvimba vidole na kulia siku nzima. Wanawake wa pale wakaanza kuja. Walikuja na maziwa, na kuni, walikaa kwenye jamvi, halafu wakasema, "Pole. Pole sana, mwenzetu." Mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti ya msibani. Na wewe upo hapo hapo, hai, unavuta mkia wa paka! Walikuja kwa upendo, sasa naelewa. Lakini niliwaka. Nikaapa kimoyomoyo kwamba hakuna mtu atakayeniambia tena pole kwa ajili yako, kwa sababu sitampa nafasi. Tangu hapo kila aliyeniuliza, kanisani, sokoni, hospitali, nilimjibu kabla hajamaliza: anaendelea vizuri sana. Hata daktari nilikuwaga namwambia hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa anakutibu.

Bibi yako aliniona. Alikuwa na ng'ombe mmoja mwenye mguu mbovu, na mnunuzi akija tulikuwa tunamsimamisha kwenye majani marefu ili mguu usionekane. Siku moja ananiangalia ninavyokusifia kwa mgeni, akasema, "Wewe, umemsimamisha kwenye majani." Nilikasirika siku nzima. Usinune, sijasema wewe ni ng'ombe. Nasema majani nilikuwa nayo mimi.

Basi ripoti ikaja. Nakumbuka ulivyoisoma kimya, halafu ukampa baba yako, halafu mimi nikaipokonya. "Mwombaji anatembea bila kifaa cha msaada. Anapika. Anafika sokoni mwenyewe. Alimhudumia mgeni, akapiga goti na kuinuka bila msaada. Hakuonyesha dalili za maumivu." Na mwisho: hastahili.

Nilitoa povu, mwanangu. Nilikwenda nayo Mwigobero nikaisoma juu ya meza ya dagaa. Soko lote likasimama na mimi. Mmoja anasema tumfuate ofisini, mwingine anasema alitaka kitu kidogo huyo. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote: "Kala sato wangu, kamaliza mpaka kichwa, halafu kaandika uongo!" Na wewe wakati huo ulikuwa nyumbani umelala umegeukia ukuta, mguu umevimba, wala hujala. Sikujua, nilikuwa nakupigania.

Nikarudi nikasema, "Leteni hiyo simu. Leo tunamkamata kwa mdomo wake." Nikamwita mama yako mdogo, alikuwa amekuja kutuangalia. Tukakaa sebuleni kama tunaosubiri mpira. Ukabonyeza.

Loo.

Sijawahi kujisikia mimi mwenyewe namna ile. Niko kila mahali kwenye hiyo simu! Afisa anauliza, mimi. Afisa anakutaja jina, "Nyangeta, wewe unasemaje?", mimi. Na chini ya sauti yangu kuna kasauti: "Mama, ngoja kidogo." Mimi naendelea. "Mama, siyo hivyo." Mimi naendelea, nacheka, namkaribisha chai. Mama yako mdogo akaanza kujifunika mdomo na khanga. Baba yako alikuwa anatazama dari. Tulipofika pale kwenye Mwigobero, akasema kwa upole kabisa, "Mama Nyangeta, kwenye hiyo ripoti, ni lipi ambalo hukulisema?"

Nikanyamaza. Wewe na baba yako mkatazamana kama mmeona ziwa limekauka.

Lakini wewe hukuzima simu. Ukasema, "Subirini, bado." Na tukasikia jagi likigonga beseni, ko, ko, ko, ulivyokuwa unavuka sebule bila magongo. Tukasikia maji, halafu "aah" ndogo, ya mtu anayejizuia. Na sauti ya afisa: "Pole dada, unaumia?" Na wewe: "Nikiinuka inauma sana." Na yeye: "Sawa, nimekupata." Alisikia, Nyangeta. Alisikia na mimi nilisikia, nilikuwa nimekaa pale pale. Yeye hakuandika na mimi nikakimbilia kuleta limao.

Ukaturudisha tena pale, tukasikiliza tena. Ukachukua daftari ukagawa karatasi katikati. Upande huu maneno ya ripoti, upande huu maneno yaliyotamkwa. "Hakuonyesha dalili za maumivu," na mkabala wake, "Nikiinuka inauma sana." Nikafurahi, nikasema haya, tumempata, tumalizie hapo tupeleke pingamizi. Ukasema hapana. Ukaendelea kuandika: "Mama yangu alisema ninafika Mwigobero. Ninafika kwa bodaboda. Mama yangu alisema nimesonga ugali. Sikuusonga." Nikakwambia, "Unanianika?" Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Mama, nikificha uongo wetu, watautafuta wao. Halafu hata ule wa kwao hawatauamini."

Nililala na hayo maneno yananichoma. Asubuhi nikasaini lile pingamizi, uongo wangu ukiwa ndani.

Mfuko wakatuita Bunda tusikilizwe upya. Tukalala kwa mama yako mdogo Nyasura, na pale ndipo nilipojua kwamba ugonjwa wangu ni wa ukoo. Yule mwanamke alitandika mkakati. "Nyangeta, kesho unavaa lile gauni lililochanika. Ukiingia unalia kidogo. Ukifika kwenye kiti, unaanguka." Na wewe ukamwambia, "Mama mdogo, mimi sianguki kwa ratiba." Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini nililifikiria sana baadaye. Kujiliza nako ni kuuza. Ni dagaa wale wale, umewageuza upande wa pili.

Asubuhi yake uliamka vizuri tena! Nilitaka kulia. Nikasema Mungu wangu, hata leo? Wewe ukavaa gauni lako la kawaida, ukachukua magongo yako yote mawili, ukasema tu, "Nitawaambia leo nimeamka vizuri."

Mle ndani alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani puani, na kijana wa kuandika. Ukaomba kurekodi, akasema rekodi. Akaniangalia mimi. "Mama mzazi, karibu. Utakaa kile kiti cha nyuma. Utazungumza nikikuuliza." Sijui ni nani alimwambia habari zangu. Nadhani alisikiliza ile rekodi ya simu tuliyopeleka.

Nikakaa. Nikauma pindo la khanga. Nyangeta, hujui nilivyoteseka kwenye kile kiti! Kila swali lilikuwa linapita mbele yangu kama mteja mwenye pesa mkononi.

Akakusomea: "Ripoti inasema ulipiga goti ukainuka bila msaada."

Ukasema, "Nilipiga goti kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Niliinuka kwa kushika meza. Usiku ule baba alinibeba kunipeleka chooni."

Nikangoja uendelee. Nikangoja useme, mama yangu alinikonyeza. Hukusema. Kwenye simu yote ile, kitu pekee ambacho hakikurekodiwa ni jicho langu, na mashahidi wake ni wawili tu, na wewe ukanificha. Mtoto uliyenianika kwa ugali na Mwigobero, pale ukanisitiri, kwa sababu ile ingeniumiza.

Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. Yule mama akasema, "Bado sijakuuliza, mama." Nikasema, "Samahani afisa, ni moja tu. Alisita. Mimi ndiye niliyemkonyeza apige goti. Na magongo nilikuwa nimeyaficha." Akanitazama juu ya miwani. Akamwambia yule kijana, "Andika." Halafu akaniambia, "Asante. Kaa." Na nikakaa. Ndiyo maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema mahali pamoja.

Halafu akageukia kwako akauliza lile swali. "Leo umeamka vizuri. Nieleze siku mbaya inavyokuwa, tangu unafungua macho."

Ukaeleza. Ukasema siku mbaya unaamka kabla yetu, unateremka kitandani kwa makalio, unaburuzika mpaka mlangoni, unajivuta mpaka unasimama kwa kushika kitasa, ili mimi nikitoka nikukute umesimama. Ukasema shuleni ulikuwa hunywi maji toka asubuhi, kwa sababu choo kilikuwa mbali na kina ngazi. Na kwamba ulishaambiwa na daktari maji ndiyo dawa yako ya kwanza, na ulikuwa unachagua kati ya maumivu ya kiu na maumivu ya ngazi. Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama unayesoma ratiba.

Nililia. Siyo kidogo. Nililia kwa sababu nilikuwa nakaa nyumba moja na wewe, nakupikia, nakusuka, nakuombea kila Jumapili, na sikuwa najua kwamba unaburuzika. Kila asubuhi nilikukuta umesimama nikasema asante Yesu, mtoto wangu ni mzima. Ulikuwa unaninawisha na mimi, mwanangu. Ulikuwa unanipigia goti kila siku kabla jua halijatoka.

Wakakubali, unajua. Tulipotoka mama yako mdogo alipiga vigelegele barabarani mpaka mwenye duka la mbolea akauliza ni harusi ya nani. Na mimi, ukumbuke, nilirudi mlangoni nikachungulia: "Afisa, halafu anaimba sauti ya kwanza vizuri sana!" Yule mama akacheka akasema, "Hilo naandika kwa kalamu yangu mwenyewe." Mnanicheka mpaka leo. Sawa. Biashara haiachwi siku moja.

Sasa ndiyo nafika ninapotaka kufika.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka mazoezi ya kwaya, jasho limekutoka juu ya mdomo, unashika kiti kila unapopita. Nikakuuliza vipi, ukasema, "Niko poa, mama." Baba yako akaniangalia. Nikatambua ile sauti. Ni yangu! Ni ile ile ya kwenye simu. Kila kitu umechukua kwa baba yako, ukimya, mikono, hata kukoroma, halafu kwangu ukachukua hicho.

Kwa hiyo siogopi kwamba utasahau kurekodi. Kurekodi utanifundisha wewe. Siogopi kwamba ripoti ikikosewa utaiacha. Daftari lako nimeliona begini, karatasi zimeshagawanywa katikati, nikacheka peke yangu. Ninachoogopa ni kwamba atakuja afisa mpole, shati limepigwa pasi, atakusalimia vizuri, utataka asihuzunike, na mdomo utakuponyoka: niko poa. Na simu itarekodi hivyo hivyo. Simu haina huruma, mama, inashika ulichosema, haishiki ulichotaka kusema. Mimi ningekuwa na simu mbili siku ile zisingenisaidia.

Nami nimeanza kujifunza, usidhani nimekaa tu. Juzi mteja kaniuliza, "Hawa dagaa wana mchanga?" Nikasema, "Wapo wenye kamchanga kidogo, uwaoshe mara mbili." Jirani yangu wa meza nusu aanguke. Mteja akanunua, na jana kamleta dada yake. Lakini usimwambie baba yako, ataniimba mwezi mzima.

Na kesho stendi najua kitakachotokea. Konda atayaona magongo, atakuruka wewe, ataniuliza mimi, "Mama, huyu anaweza kupanda mwenyewe?" Huwa wananiuliza mimi kila siku, na mimi huwa najibu kabla hawajafunga mdomo. Kesho nitatazama juu, kama natafuta mvua. Mjibu wewe. Ukisema unaweza, panda. Ukisema akushike mkono, akushike. Nikionekana natetemeka midomo, ni maombi hayo, usihangaike.

Nakupenda, Nyangeta. Nakupenda ukiwa umesimama na nakupenda ukiwa sakafuni, na nilichelewa kukwambia hilo la pili.

Limebaki moja. Kesho asubuhi usiamke kabla yangu. Baki kitandani, hata kama umeamka vizuri. Kila siku tangu ulipojua kuzungumza nimekuuliza umeamkaje, na nimekuwa nakuuliza mgongo umeshageuka, nawahi jiko. Kesho nitaingia chumbani kwako, nitavuta kigoda nikae, nitakuuliza. Nijibu ilivyo. Kama ni siku mbaya, sema ni mbaya, hata kama mabegi yamefungwa na basi linapiga honi. Basi litasubiri, na lisiposubiri yapo mengine. Mimi nitakuwa nimekaa, mdomo nimefunga, nakusikiliza.

Mama yako,
wa Mwigobero na wa Nyasho